Nani aliwaambia kila marehemu alikuwa na "tabasamu lililoangaza chumba"?

Wakuu, salamu kwenu. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Asiyependa kusoma apite tu, hatutagombana.

Tulimzika mama Jumamosi iliyopita huku Meru, Arusha. Asanteni kwa pole zenu, ila sikuja kwa ajili ya pole. Nimekuja kwa sababu ya sentensi moja iliyosomwa kanisani mbele ya ukoo mzima kwenye wasifu wa marehemu, na mpaka leo inanizunguka kichwani kama nzi: "Tabasamu lake angavu, lenye meno meupe kama theluji, liliangaza kila chumba alichoingia."

Mama yangu alizaliwa Maji ya Chai mwaka 1952. Wenyeji wa Arumeru mmeshaelewa. Kwa wengine nieleze. Maji ya huku yanateremka kutoka Mlima Meru, yanapita kwenye miamba ya volkano na kubeba madini ya floraidi. Shirika la Afya Duniani linasema yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Sisi kwa miaka mingi kiwango kilichoruhusiwa nchini kilikuwa 4, na yapo maji ya huku yanayozidi hata hapo. Mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanajiunda ndani ya ufizi, ganda la nje la jino linaharibikia hukohuko. Jino linachomoza likiwa tayari na madoa, au kahawia tupu. Si uchafu. Hakuna mswaki wala mkaa wala ndimu itakayolirudisha. Pale Ngurdoto Wizara ya Maji ina kituo kinachotafiti namna ya kuondoa floraidi, wanachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kazi nzuri. Kwa mama ilichelewa.

Kwa hiyo meno ya mama yalikuwa rangi ya chai kavu iliyokolea. Theluji tunaijua vizuri, asubuhi mawingu yakifunguka tunaiona kule Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Mdomoni mwa mama haikuwahi kufika.

Halafu hicho chumba. Chumba chetu kiliangazwa na kibatari, na mafuta yakiisha tulilala.

Sasa nisimulie ilivyokuwa. Wasifu niliuandika mimi, kwa mkono, usiku wa pili wa msiba. Kuhusu kicheko chake niliandika hivi: "Mama alicheka kwa macho na mabega. Mdomo aliufunika kwa ncha ya khanga. Ukitaka kujua kama amecheka kweli, tazama khanga. Ikichelewa, amecheka kweli."

Mistari minne tu, ila ilinichukua muda kuliko orodha ya watoto na wajukuu. Mama aliuza ndizi soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, kwa zaidi ya miaka thelathini. Mteja anayetaka mkungu kwa bei ya kutupa lazima kwanza amtanie mama wa watu. Mama alikuwa anacheka, na khanga ilikuwa inafika mdomoni kabla ya kicheko chenyewe. Hicho kilikuwa kicheko cha biashara. Macho yalikuwa yanaendelea kuhesabu ndizi.

Lakini jambo likimkuta hajajiandaa, kicheko kilitangulia. Kilianzia puani, "nkh!", mabega yakaruka, macho yakafumba mpaka ikabaki mistari miwili, ndipo mkono ukakumbuka kazi yake. Katika hiyo nusu sekunde uliyaona meno yote, kahawia, na mwanya wake wa juu. Sisi watoto tulikuwa tunaiwinda ile nusu sekunde. Kaka yangu aliwahi kuvaa sufuria kichwani akamwigiza mjumbe wa nyumba kumi anavyohutubia, akaipata mara mbili kwa jioni moja. Mpaka leo anajisifia.

(Kuna daktari wa Kifaransa, Guillaume Duchenne, alipitisha umeme kwenye nyuso za watu, na mwaka 1862 akachapisha alichokiona: msuli unaovuta pembe za mdomo mtu anauamuru atakavyo, ila ule unaozunguka jicho unaitikia furaha ya kweli tu. Angekuja Tengeru siku ya soko asingehitaji umeme.)

Karatasi yangu nikaipeleka steshenari mjini wachape vijitabu. Chalii, kijana wa pale, akanitumia kwa WhatsApp nikague. Nikatazama majina, nikatazama saa ya ibada, nikajibu "sawa". Hilo ni kosa langu, nalibeba. Nani anakagua vizuri siku ya tatu ya msiba, na watu wanamuuliza turubai liko wapi?

Kanisani mzee wa kanisa anasoma, nasikia theluji. Nikadhani nimesinzia. Nikafungua kijitabu changu. Imeandikwa kweli. Mistari yangu minne haipo hata mmoja. Na picha ya mbele, ile ya harusi ya dada yangu ambayo khanga ilichelewa, picha pekee tuliyo nayo ya namna ile, meno yamepakwa rangi nyeupe. Meupe pe, kama vigae vya bafuni. Mama mmoja waliyeuza naye ndizi bega kwa bega alikigeuza kile kijitabu mbele nyuma, akaniuliza taratibu, "Baba, hii ni ya msiba huu huu?"

Jumatatu nikaenda. Chalii hakupepesa hata jicho. "Braza, wa kwako ulikuwa umekaa kama stori. Nikakuwekea maneno ya wasifu."

Maneno ya wasifu! Yaani siku hizi kuna maneno maalumu ya wafu, yako kwenye kompyuta, unabadilisha jina na mwaka. Nikarudi nyumbani nikatoa vijitabu vya misiba tunavyovihifadhi kabatini. Cha jirani yetu: "tabasamu lake liliangaza." Cha mwalimu wetu wa shule ya msingi: "tabasamu lake liliangaza." Cha baba mdogo, na hapa nilikaa chini. Baba mdogo akipita njiani sisi tulikuwa tunajificha kwenye migomba. Simkumbuki akicheka, na sijakutana na aliyemwona. Alikuwa mtu mwema, alitusomesha wawili, na uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya Pasaka. Naye eti "tabasamu lake la upole halitasahaulika." Litasahaulikaje kitu ambacho hakikuwepo?

Msidhani ni chalii peke yake. Fungueni hadithi yoyote ya mapenzi mtandaoni. "Akaachia tabasamu mwanana." Kila mtu anaachia. Walikuwa wamelishikilia, au ni breki ya bajaji? Na mwanana lilikuwa neno la upepo, upepo wa jioni baada ya jua kali, tamu sana. Tumelibandika kwenye midomo ya watu mpaka limechakaa. Wengine wanaandika "tabasamu la dola milioni". Kwa fedha za nani? Haya ni maneno yamenunuliwa nje yakavishwa kanzu, na hata kanzu yenyewe haijawakaa.

Kinachoniuma ni kwamba maneno tunayo. Kwetu nyumbani hakuna aliyesema mama "ametabasamu". Tulisema amecheka. Mtoto mchanga akikutazama akakunjua uso kwa mara ya kwanza, mama yake anaita watu: "Njooni, anacheka!" Hana sauti, hana jino, lakini anacheka. Kwenye mzizi huohuo pana mtu anayekuchekea ili umkopeshe, na yule anayechekelea umeanguka, na anayejichekesha kwa bosi, na yule wa kuchekacheka ambaye bibi alimkataa asiolewe kwetu kwa sababu hiyo tu. Anayekenua je? Ukisema fulani "amekenua" umeshamhukumu, huna haja ya kuongeza neno. Na bashasha, ambayo shangazi yangu anayo mpaka leo, haisubiri utani. Inaanzia mlangoni, mgeni hajavua kiatu.

Hata jino lina adabu yake ya maneno. Mama alikuwa na mwanya. Mwanya ni urembo, wapo waliotengenezesha kwa makusudi. Mwambie mwenye mwanya kwamba ana pengo uone. Nafasi ni hiyohiyo kwenye ufizi, lakini neno moja ni sifa na lingine ni tusi. Bibi yangu mzaa baba, Mwarusha, alikuwa ameng'olewa meno mawili ya mbele ya chini kwa mila. Mtu wa mbali angeandika "kibogoyo", na angekuwa amekosea kabisa, maana kibogoyo hana jino lolote, na bibi alitafuna nyama choma mpaka anaingia kaburini. Sasa watu wenye lugha ya namna hii wanakwenda kuazima theluji.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu. Mkuu uliyeniambia tabasamu ni Kiswahili sanifu, sijaligombea neno. Ni neno zuri, lilitujia kutoka Kiarabu, limekuwa letu. Lakini tabasamu halina sauti. Mama alikuwa na ile "nkh" ya puani. Ukiandika tabasamu umemziba sauti, ukiandika kicheko watu wanasikia kwa-kwa-kwa, na hicho hakikuwa chake pia. Hapo ndipo nilipokwama ule usiku wa pili, ndiyo maana nikaandika khanga.

NYONGEZA YA PILI: Kuna aliyesema chalii alitaka kumsitiri marehemu, na kwamba mila zetu haziruhusu kumtaja maiti kwa kasoro. Hili nimelifikiria tangu jana, sikutaka kulijibu haraka.

Sijataja kasoro popote. Rudini msome mistari yangu minne. Hamna neno meno. Hamna kahawia. Kuna macho, mabega, khanga. Waliokuwa wanamjua wangeona kila kitu, wasiomjua wangeona mwanamke anayecheka. Huko ndiko kusitiri ninakokujua mimi. Aliyeyaleta meno kanisani ni chalii na theluji yake. Watu mia tatu waliomjua mama wakayafikiria meno yake kwa wakati mmoja, kwa sababu walisomewa uongo juu yake.

Nami nimalizie ninalolijua mwenyewe. Nilisoma sekondari ya bweni mkoa mwingine. Wiki ya kwanza tu mimi na wenzangu wa huku tulipewa majina, mengine siwezi kuyaandika hapa. Meno yangu si kama ya mama, yana madoa tu, lakini yalitosha. Nikajifunza kucheka midomo imefungwa. Siku ya mahafali ya kidato cha nne mama alikuja kwa basi, usiku kucha, na mkungu wa ndizi za walimu. Mpiga picha akatupanga. Rafiki yangu akasema kitu, sikumbuki nini, mama akacheka, kile cha kweli, khanga iko begani haijui kitu.

Nikamnong'oneza: "Mama, khanga."

Akaivuta haraka. Hakuniuliza. Picha ipo, mama ameziba mdomo, mimi nimefunga wangu, tumesimama kama watu waliokatazwa kitu. Chalii wa steshenari hakumfahamu mama. Mimi nilimfahamu.

Basi. Hasira bado ninayo, msije mkasema nimepoa. Chalii nimemwambia anichapie upya vijitabu vyote kwa gharama yake, maneno kama nilivyoandika kwa mkono, na picha kama ilivyotoka kwenye kamera. Amekubali nusu gharama, tunaendelea kuvutana. Nitawapelekea wale kina mama wa ndizi mmoja mmoja pale sokoni.

Kilichobaki ni kaburi. Tunajengea Desemba watu wakirudi nyumbani, na fundi wa marumaru anataka maneno Ijumaa. Chini ya jina na miaka pana mstari mmoja tu, herufi zisizozidi thelathini. Ndugu zangu wanataka "Pumzika kwa amani", mimi naona nafasi hiyo ni ya khanga, ila sijapata namna ya kuibana. Nimejaribu "Khanga yake ilichelewa". Dada anasema watu watadhani ni duka la nguo. Mwenye neno anipe. Atakayeandika theluji nampuuza.