MREJESHO: Nepi za vitambaa, vipele na harufu ya mkojo

Habari zenu ndugu zangu. Wiki tano zilizopita niliomba msaada hapa: mwanangu wa miezi minne alikuwa anatoka vipele makalioni, nepi zake za vitambaa zinanuka mkojo hata zikitoka kwenye kamba, na hela ya pampasi kila siku sina. Asanteni sana wote mlionijibu.

Kilichosaidia kuliko vyote ni kusuuza. Dada aliyeniambia nisuuze mpaka maji yasitoe povu, Mungu akubariki. Siku ya kwanza nilifika ndoo ya nne ndipo maji yakatulia na kitambaa kikaacha ule utelezi. Sabuni ya unga nimepunguza, dawa ya kulainisha nguo nimeacha, naanika juani. Harufu ya mchana imeisha kabisa.

Vipele navyo vilipungua nilipoanza kubadilisha kila baada ya saa mbili na kumwacha wazi kidogo juu ya khanga. Ila wekundu kwenye mikunjo ya mapaja uligoma. Nilipaka mafuta ya mgando wiki nzima bure. Kliniki wakasema ni fangasi, wakanipa klotrimazo ya kupaka, na siku ya tano ngozi ikaanza kurudi. Mkiona wekundu wa hivyo, mpelekeni mtoto mapema.

Usiku bado sijafaulu. Hata nikifunga nepi mbili, asubuhi zinanuka, kwa hiyo akilala namvalisha pampasi moja.