Bibi ana michubuko mikononi, anayemlea anasema kaanguka

mjukuu2: Wakuu naomba ushauri. Bibi yangu alipata kiharusi, kuongea kwake ni kwa shida. Juzi namvalisha sweta nikaona michubuko mikono yote miwili juu ya kiwiko, kama alama za vidole. Anayemlea anasema alianguka chooni. Na akiingia tu chumbani bibi ananyamaza kimya anaangalia ukuta. Au nina wasiwasi wa bure?

Mama Pacha: Sio bure. Mtu akianguka anaumia magoti, viganja, kiwiko, sasa mikono yote miwili kwa juu tena sehemu moja, hapo kashikwa kwa nguvu huyo. Piga picha zenye tarehe, mpeleke kwa daktari aandike.

kobe_mzee: WHO wanasema mzee 1 kati ya 6 wa miaka 60 kwenda juu ananyanyaswa kwa mwaka, na wengi hawasemi. Kaa naye peke yake, muulize maswali ya kutikisa kichwa tu, asilazimike kuongea.

Mama Pacha: Na hela zake angalia nani anatoa, mara nyingi ni ndugu wa damu kabisa.

mjukuu2: Dah, kadi ya benki anayo mjomba...