Naomba ushauri: QEMU inagoma kuwasha mfumo wangu ingawa kwa hesabu RAM inatosha

FundiMpakato: Habari za jioni, ndugu zangu. Kazi yangu ni kufufua kompyuta za wateja, na kwa ajili hiyo nimejitengenezea mfumo mdogo wa Linux unaokaa wote ndani ya RAM, nikaufungasha kuwa faili moja kwa cpio na kuubana kwa gzip. Faili lililobanwa lina MB 310. Nilipolipima kwa `zcat initrd.img | wc -c` nikakuta kwamba likikunjuliwa linafika takriban MB 900. Kabla ya kuupeleka kwenye kompyuta ya mtu, huujaribu kwanza katika QEMU, programu inayoiga kompyuta, kwa `-kernel` na `-initrd`. Kwa `-m 512`, yaani RAM ya MB 512, uligoma, kwa `-m 1024` uligoma, na hapo sikushangaa, kwani 310 na 900 ni 1210. Kilichonishinda ni kwamba hata kwa `-m 1536` kerneli (kiini cha Linux) inaandika "Initramfs unpacking failed: write error", kisha inakata roho. Kompyuta yangu ina GB 4 tu, hivyo sipendi kuendelea kupandisha kwa kubahatisha. Hizo MB 300 na ushee zinaliwa na nani?

Mwanagenzi: Hakikisha `-m` imo kweli katika skripti unayoiendesha, maana ukiisahau, mashine ya kawaida ya x86 katika QEMU hupewa MB 128 tu.

FundiMpakato: Imo, ndugu. Kerneli yenyewe inakitaja kiasi hicho inapoanza kuwaka.

BabuKerneli: Ndugu mleta uzi, QEMU haina kosa hapa. Faili lingekuwa kubwa kuliko nafasi iliyopo, QEMU ingelikataa yenyewe, kabla kerneli haijaandika hata mstari mmoja. Kwako limeingia salama, likashindikana wakati wa kukunjuliwa.

Hesabu yako ni sahihi, ila imesahau kizuizi kimoja. Usipoandika `root=` (diski ya mfumo) katika amri ya kerneli, na tmpfs, yaani mfumo wa faili unaokaa ndani ya RAM, ikiwa imo ndani ya kerneli hiyo, mfumo wa faili wa kuanzia huwa ni tmpfs, nayo kwa kawaida hairuhusiwi kuvuka nusu ya RAM. Nusu ya 1536 ni 768, wakati wewe unataka kumwaga 900. Tena nusu hiyo hupigwa baada ya kerneli na lile faili lililobanwa kuchukua chao, kwa hiyo ni pungufu zaidi, na hata 2048 isingekupa uhakika. RAM unayoiona imebaki ipo kweli. Tmpfs ndiyo iliyokatazwa kuigusa.

Ongeza `-append "rootfstype=ramfs"`, ukiacha 1536 ilivyo. Ramfs nayo hukaa ndani ya RAM, ila haina kikomo cha nusu, lakini uwe mwangalifu, kwa kuwa haina kikomo chochote: faili la kumbukumbu za matukio likivimba, litakula RAM yote hadi mfumo uanze kuua programu.

Mwanagenzi: Na je, akiongeza swap, yaani nafasi ya diski inayosaidia RAM?

BabuKerneli: Haitamsaidia, kwa sababu wakati wa kukunjua hakuna swap iliyokwisha kuwashwa. Mimi ningeuliza kwanza MB 900 zimejaa nini. Fungua `lib/firmware` uone.

FundiMpakato: Nimerudi. Kwa ramfs umewaka mara ya kwanza, kwa 1536 ileile. Nimefungua pia `lib/firmware`, nikakuta MB 420 za programu ndogo za kuendeshea vifaa vya kila aina, zikiwemo za kadi za seva ambazo sijawahi kuletewa dukani. Nikibakiza za Wi-Fi na za kadi za picha, je, nitaweza kurudi kwenye tmpfs kwa 1536?

BabuKerneli: Ukifika chini ya MB 550 baada ya kukunjua, ndiyo. Ukishindwa kufika huko, hamishia zana zako kwenye ISO (faili la nakala ya CD) na uiwashe kwa `-cdrom`, ili vipande visomwe vinapohitajika badala ya vyote kupakiwa kwa mkupuo.