Dawa ya kuzuia maji kwenye zege: ipi hudumu panapoganda barafu?

Swali
Ndugu wataalamu, salaam. Ninasimamia maegesho ya wazi ya ghorofani, mahali ambapo barafu huganda na kuyeyuka mara nyingi kila msimu, na chumvi humwagwa ili kuiyeyusha. Uso wa zege unabanduka magamba, na epoksi (mpako mgumu wa plastiki) iliyopakwa juu yake imetoka vipande vipande. Je, mipako mipya inayofanya tone la maji libiringike bila kulowanisha ndiyo suluhisho la kudumu?

Jibu la 1
Ndugu, tone hilo lisikupumbaze. Mipako hiyo hutegemea vijinundu vidogo mno vilivyo juu ya uso, navyo husagwa na matairi. Tena unyevu ukiganda ndani yake, barafu hung'ang'ania zaidi. Mimi ningechagua silani, dawa ya majimaji inayofukuza maji, ambayo molekuli zake ni ndogo kiasi cha kuzama milimita kadhaa na kushikamana na kuta za vinyweleo vya zege, mahali ambapo jua haliifikii. Kwa kuwa haizibi vinyweleo, mvuke hutoka, jambo ambalo epoksi yako haikuliruhusu, na huenda ndiyo sababu ikabanduka.

Jibu la 2
Nakubali, lakini kuna mipaka. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9, hivyo zege lililokwisha kushiba maji haliokolewi na dawa ya juu. Lilipaswa kutiwa viputo vya hewa tangu kuchanganywa, ili barafu ipate nafasi ya kutanukia. Ama nondo, hizo hulindwa na ualikali (kinyume cha uasidi) wa zege, wenye pH inayozidi 12, mpaka kloraidi za chumvi zifike na kuvunja utando wa kinga. Silani huchelewesha kloraidi kwa sababu kloraidi hizo husafiri na maji, ila haiziondoi zilizokwisha kuingia. Toboa zege kwanza, upime kloraidi katika unga wa kina mbalimbali hadi usawa wa nondo.

Muulizaji
Ahsanteni. Zipo pia nyufa, na upande mmoja maji hutuama.

Jibu la 1
Silani haizibi nyufa wala haihimili maji yanayosukuma kwa shinikizo. Jaza nyufa, rekebisha mteremko, ondoa epoksi yote, kisha subiri zege likauke, maana kinyweleo kilichojaa maji hakina nafasi ya dawa. Baada ya kupaka, chimbua kipande cha mviringo, ukipasue, umwagie maji upande uliopasuka: ukanda uliopata silani hubaki mkavu na mweupe, na chini yake zege huwa jeusi. Pima ukanda huo kabla ya kumlipa fundi.