Mkunga kumfokea mama mwenye uchungu: ni kazi au ni unyanyasaji?

Bint Subira
Habari zenu wote. Mimi ni mjamzito, mimba ya kwanza, na tarehe zinakaribia. Kila mama ninayemuuliza kuhusu leba hanisimulii uchungu, ananisimulia maneno aliyoambiwa. Mmoja kaambiwa "wakati unaitafuta hukulia", mwingine kachapwa kofi la paja ili afungue miguu, mwingine kaachwa peke yake kitandani mpaka kichwa kinatokeza ndo mkunga anakuja anakimbia. Halafu wote wanamaliza vilevile, yote tisa, kumi mtoto katoka salama. Nauliza hivi, huu ukali ni sehemu ya kazi kweli, yaani bila kufokewa mtoto hatoki, au tumezoeshwa tu? Wakunga kama mpo humu naomba mnijibu.

Mama Pacha
Mdogo wangu leba hapabembelezwi mtu. Mimi wa kwanza kashatoka, wa pili ndo anakuja, nguvu zikaniishia nikabana mapaja nikasema basi, siwezi, niacheni. Yule mama alinipigia ukelele nikashtuka mwili mzima, nikasukuma. Angenibembeleza siku ile leo ningekuwa na mtoto mmoja. Nyie wa siku hizi mnataka mkunga awaite mpenzi.

Mwanakwetu
Mama Pacha, kukupigia ukelele usukume na kukutukana ni vitu viwili tofauti kabisa. Mimi sikutukanwa nasukuma, nilitukanwa nimeshazaa, mtoto yuko kifuani, nashonwa. Waliniongezea njia hakuna aliyenieleza wala kuniuliza, nikashtukia mkasi umeshapita. Kwenye kushona nikasema nasikia sindano inavyoingia na uzi unavyovutwa, nikajibiwa "umeweza mtoto utashindwa na sindano?" Nikang'ata kona ya shuka, macho kwenye taa ya juu, naomba tu aseme amemaliza. Nambie, hapo ukali ulikuwa unamwokoa nani?

Nesi wa Zamu
Nilitaka nipite kimya ila hilo la mkunga kuja anakimbia kichwa kinatokeza limeniuma. Kuna aliyejiuliza huyo mkunga alikuwa wapi? Alikuwa kitanda cha pili anakanda tumbo la mama anayemwaga damu, maana damu nyingi baada ya kuzaa ndo inayoongoza kuua wazazi duniani na haisubiri mtu. Mnajua mama akiwa na uchungu uliokolea natakiwa nisikilize mapigo ya mtoto kila dakika 15 hadi 30, akianza kusukuma kila dakika 5, na kila nikisikiliza niandike, sasa zidisha hiyo kwa vitanda vyote na mimi ni mmoja au tuko wawili, na mlangoni kuna mwingine anafika anasema anataka kwenda chooni kubwa kumbe ni mtoto anashuka. Ripoti ya hali ya ukunga duniani ya 2021 ilisema dunia ina upungufu wa wakunga 900,000. Laki tisa jamani. Nikisema FUNGUA MIGUU kwa sauti sijamchukia mtu, nina mikono miwili tu.

Kipanga
Poleni sana manesi, kazi yenu ni ngumu. Ila ukweli usemwe. Mke wangu alizalishwa na mkunga mwanaume na akaniambia mtoto mwingine asipompata yule kaka hataki hata kuzaa. Wanawake kwa wanawake hamhurumiani na hilo nyie wenyewe mnalijua.

Nesi wa Zamu
Kipanga umenichefua. Mimi nimekesha na wanawake wenzangu, nimesimama na mimba yangu mwenyewe nikiwasugua mgongo, nimeosha vitu ambavyo wewe ukiviona utatoka mbio, halafu unakuja kusema hatuhurumiani kwa sababu ya mkunga mmoja aliyemchekea mkeo?

Mama Pacha
Mwanaume? Anipime njia? Mwanaume asiye mume wangu? Labda niwe nimezimia.

Mwanakwetu
Mama Pacha mbona daktari akiwa mwanaume unapanda kitandani bila kelele? Ni koti refu linakutoa aibu?

Mama Pacha
Daktari anaitwa kukiwa na shida, anafanya lake anaondoka. Mkunga yuko na wewe usiku kucha, anaona kila kitu, haja kubwa, kulia, kumtukana mume. Hapo nataka mwanamke, na nataka mtu mzima aliyezaa. Usinifundishe aibu yangu.

Kaka Mkunga
Naona nimetajwa bila kutajwa. Mimi ni mwanaume na ni mkunga. Kipanga nashukuru kwa nia yako ila hiyo sifa siipokei kwa jinsi ulivyoitoa. Walionifundisha kazi wengi ni wanawake. Aliyenifundisha kuweka kiganja juu ya tumbo, nikae nalo kimya mpaka nisikie linavyokaza na kulegea, huku jicho liko kwenye saa, nihesabu linakaza mara ngapi ndani ya dakika kumi, alikuwa mama mmoja ambaye sikuwahi kumsikia anapandisha sauti. Na wanaume wakali tupo, tena wengine ni wabaya. Kitu ninachokiona kwangu ni hiki, mimi sijazaa na sitazaa kwa hiyo nalazimika kumuuliza mama anasikiaje. Wenzangu wengine walishazaa wakajikaza, wakamwona anayelia anadeka. Sio wote. Na Mama Pacha, ukinikataa uko sahihi, nitamwita mwenzangu kama yupo.

Mzee Kigogo
Hii hoja ya wanaume ni ya zamani sana. Nilisoma kwamba huko Ujerumani karne zilizopita wanawake walikuwa wanawakimbia madaktari wanaume, wanalia wapelekwe wodi ya wakunga wanawake. Sasa Kipanga historia inakukataa.

Nesi wa Zamu
Ni Vienna, mzee wangu, Austria, miaka ya 1840. Kulikuwa na wodi mbili, moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Ya madaktari wazazi walikuwa wanakufa zaidi kwa homa ya uzazi kuliko ile nyingine, na wanawake wenyewe walijua, walikuwa wanaomba wasiingizwe kule. Semmelweis, daktari wa Kihungaria, ndo akagundua wenzake wanatoka kupasua maiti wanaingia moja kwa moja kupima wazazi. 1847 akawalazimisha kunawa mikono kwa maji ya klorini na vifo vikashuka. Kwa hiyo asante mzee, umenitetea.

Kipanga
Sasa hiyo ni mikono michafu, sio huruma. Mimi nimeongelea lugha. Dada nesi unajibu nisichosema.

Nesi wa Zamu
Ulisema hatuhurumiani. Nimekujibu.

Kipanga
Na hujakanusha.

Bint Subira
Jamani mie naomba msipigane. Nina lingine linanitisha. Dada yangu alifokewa kwamba anajichelewesha, kwamba njia inatakiwa ifunguke sentimita moja kila saa na yeye yuko palepale kwa sababu ya uoga wake. Akaanza kuona yeye ndo anamuumiza mtoto. Hiyo ya sentimita moja kwa saa ni kweli?

Mama Pacha
Ni kweli, hata mimi niliambiwa. Ukikaa palepale wanakutundikia drip ya uchungu.

Kaka Mkunga
Ndivyo tulivyofundishwa wengi, ila Shirika la Afya Duniani walishaliondoa mwaka 2018. Walisema wazi kwamba hiyo kasi haiwafai wanawake wote, wengi wanakwenda polepole na wanazaa vizuri tu. Na uchungu uliokolea sasa unahesabiwa kuanzia sentimita 5, sio 4 kama zamani, na mimba ya kwanza unaweza kuchukua mpaka masaa 12 kutokea hapo. Mama na mtoto wakiwa sawa, kwenda polepole peke yake sio sababu ya kukimbilia drip. Bint Subira, dada yako hakujichelewesha. Ila tusidanganyane pia, mama akiwa na kifafa cha mimba au mapigo ya mtoto yameshuka, mkunga ataongea haraka na kwa amri, hatakuwa na muda wa kuremba. Hapo mvumilie, maelezo utapewa baadaye na ni haki yako uyadai.

Mwanakwetu
"Baadaye" hiyo kwangu haikufika.

Mzee Kigogo
Dawa ya haya yote ni mume aingie leba. Akiwepo mwenye mke, nani atamchapa mtu kofi la paja?

Mama Pacha
Mume aingie azimie tuwe na wagonjwa wawili? Mlete mama yako mzazi au dada yako.

Mwanakwetu
Awe mume, awe mama, awe shoga yako, achague mwenyewe anayezaa. Hao hao Shirika la Afya Duniani wanasema kila mwanamke awe na msindikizaji anayemtaka mwenyewe wakati wote wa uchungu. Kuna uchambuzi wa 2017 ulikusanya majaribio 26, akina mama zaidi ya 15,000, ukaonyesha wenye mtu wa kukaa nao muda wote wanazaa kwa njia ya kawaida zaidi, uchungu unakuwa mfupi kidogo na upasuaji unapungua. Mtu wa kukushika mkono tu. Halafu mlango unafungwa, unaambiwa ndugu wabaki nje.

Nesi wa Zamu
Ndugu wanabaki nje kwa sababu ndani kuna wanawake wengine wako uchi na hakuna pazia. Nikimwingiza mumeo, huyo wa kitanda cha pembeni nimemwonyesha kwa mwanaume asiyemjua. Mnipe mapazia, mnipe vyumba, mimi mwenyewe nitawafungulia. Msindikizaji kwangu ni mkono wa ziada, anampa maji, anamgeuza, ananiita damu ikizidi. Nani kawaambia siwataki?

Kipanga
Basi hilo la pazia andikeni barua kwa wakubwa, kwa nini hasira zinamwishia mzazi?

Nesi wa Zamu
Tumeandika kaka. Tumeandika mpaka tumechoka.

Mwanakwetu
Nesi wa Zamu, umemjibu Kipanga, umemjibu mzee, umetueleza na Vienna. Mimi niliandika mapema sana na hujanigusa. Kunishona bila ganzi na kunikata bila kuniuliza, hiyo nayo ni upungufu wa wakunga laki tisa?

Nesi wa Zamu
Hapana. Kuongeza njia sio kitu cha kumfanyia kila mzazi, kinafanywa kukiwa na sababu, na mama anaambiwa sababu yenyewe na anakubali kabla mkasi haujashikwa. Ganzi inachomwa, inasubiriwa ishike, unajaribu kwanza uone kama mama anasikia, ndo unashona. Akisema nasikia unasimama unaongeza. Zamu iwe na watu wawili au kumi, hilo halibadiliki. Walikukosea mdogo wangu, na siwezi kuwatetea.

Mwanakwetu
Asante. Ni wa kwanza kuniambia hivyo.

Mama Pacha
Sasa nesi, na mimi je? Niliyepigiwa ukelele nilikosewa?

Nesi wa Zamu
Alikuambia nini mama?

Mama Pacha
Alisema "mtoto wako anakufa, sukuma!" Basi. Hakunitukana. Na baadaye alikuja kitandani akanifuta uso na maji, akaniuliza wanaitwa nani.

Nesi wa Zamu
Huyo simlaumu.

Kipanga
Nawaambia angekuwa mwanaume angesema taratibu.

Mama Pacha
Kipanga mimi nina wanangu wawili kwa ukelele wa yule mama, na wewe hujawahi hata kusimama kwenye mlango wa leba. Mwache yule mama.

Bint Subira
Kaka Mkunga nikiruhusiwa kuingia na mama yangu mzazi, nimwambie kabla aangalie nini?

Kaka Mkunga
Akae upande wa kichwa chako. Maji yako karibu, anakunywesha kidogo kidogo. Akiona mkunga anashika mkasi au sindano aulize kwa upole "ni ya nini hiyo?" kabla haijatumika. Na mtoto akitoka analia, ana afya, awekwe kifuani kwako ngozi kwa ngozi, aanze kunyonya ndani ya saa ile ya kwanza, mama asikubali achukuliwe akavalishwe kwanza.