Mwaka kwenu hufunguliwa kwa chuo (kitabu) gani? Tupeane uzoefu

Mwanzilishi, Mkomani, Lamu

Assalaam aleikum, ndugu zangu wa Amu (Lamu) na wa Malindi, pamoja na nyote mliohama pwani lakini masikio yenu yamebaki huku. Sisi watu wa hapa tumejaliwa miaka mipya mitatu. Kuna Januari 1, wakati kaskazi imekolea na mashua za mashindano zinatweka matanga mbele ya Shela. Kuna mwezi mosi mfungo nne, ambao ndio Muharram. Kisha kuna siku ya mwaka, ambayo wazee waliihesabu kwa miongo 36 ya siku kumi kumi wakaongeza siku 5 za mwisho ziitwazo gatha, na kwa kuwa hesabu hiyo haina siku ya kufidia kila baada ya miaka 4, imekuwa ikiteleza kidogo kidogo hadi sasa inaangukia wakati wa kusi. Ninaloomba tupeane ni jambo moja tu: katika siku yoyote kati ya hizo, nyumbani kwenu mlisoma nini, au mlisomewa nini?

Nianze mwenyewe. Bibi yangu aliufungua mfungo nne kwa Utendi wa Mwana Kupona. Yeye aliuita chuo, wala sikumsikia hata siku moja akisema kitabu. Khati za Kiarabu alizisoma bila kusita, ilhali herufi za kizungu hakuijua hata moja, na barua zote za shule nilimsomea mimi (jambo ambalo, nakiri, lilinipa nafasi ya kuruka baadhi ya mistari). Chuo chenyewe kilikaa katika kidaka cha juu, yaani kishubaka cha ukutani, kimefungwa kitambaa cha melimeli, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukikaribia bila kutia udhu. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba sharti lile halikuwa la dini, kwani ule haukuwa msahafu. Ilikuwa hila ya kutufanya tunawe mafuta ya mahamri.

Wasichana waliketi mbele na sisi wavulana nyuma, kwa sababu utendi ule ni wosia wa mama kwa binti yake: Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya Mwana Hashima. Bibi alisoma kwa sauti ya kuvuta, mizani nane kisha pumzi, mizani nane kisha pumzi, na kila alipofika kwenye beti za kumtunza mume, shangazi zangu walianza kukohoa kwa zamu.

Chuo hicho hatunacho tena. Mgeni mmoja aliyekuja kutafiti aliomba kukichukua kwa siku mbili ili akipige picha, bibi akampa pamoja na melimeli yake, na hadi bibi anafariki mgeni huyo alikuwa hajarudi. Najua utendi umepigwa chapa na unapatikana, lakini nakala yetu ilikuwa na maneno yake, hasa kuelekea mwisho, ambayo siyaoni katika chapa yoyote niliyoishika. Kuna mwingine aliyelelewa kwa utendi huu?

Mwana wa fundi, Matondoni

Waaleikum salaam. Baba yangu ni fundi wa mashua, na vitabu kwake vilikuwa mambo ya watu wenye muda. Januari 1 banda lake hufungwa, kwa kuwa kila mtu amekwenda kutazama mashindano, na mwaka mmoja nilipata nafasi ya kumsomea Sambo ya Kiwandeo, utungo wa marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu, uliotolewa mwaka 1979, ambao unaeleza kwa ushairi jinsi chombo kinavyoundwa. Nilidhani angesinzia. Badala yake, kila nilipotaja kiungo cha chombo alinisimamisha akaniuliza kama ninakijua, na nilipojibu kwamba ninakijua, aliinuka.

Tulikwenda bandani jua likiwa utosini. Pale palikuwa na mashua iliyokuwa bado haijakamilika, mkuku umelazwa na mataruma yamesimama, na baba alinishika kidole cha shahada akakipitisha baina ya mbao mbili, mahali ambapo pamba ya kalafati ilikuwa haijashindiliwa. Kidole kiliingia hadi kwenye kifundo cha kwanza. "Hapo ndipo bahari itakapoingilia," alisema, kisha akaniagiza niendelee kusoma papo hapo, nikiwa nimesimama juu ya maranda. Tangu mwaka ule tumesoma vivyo hivyo kila Januari 1. Hatujawahi kuumaliza utungo kwa siku moja, kwa sababu daima kuna msumari ulioingia upande ambao unamwudhi.

Mwalimu mstaafu, Malindi

Salamu kwenu nyote. Mimi ni Mkristo, na kwetu mwaka mpya ni mmoja tu, ingawa nimesoma hesabu ya gatha kwa furaha kubwa. Marehemu baba aliipenda Kusadikika ya Shaaban Robert kupita vitabu vyake vyote vya dukani, ambavyo havikuzidi saba. Wanaokikumbuka kitabu hicho watakumbuka kwamba Karama, akishtakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka kufundisha elimu ya sheria, anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa pande mbalimbali, wakarudi na mambo ya manufaa, nao wakaishia kuadhibiwa. Baba aliona kwamba wajumbe ni 6, na kwamba kutoka tarehe 26 hadi 31 Desemba ni usiku 6. Hakuhitaji dalili nyingine.

Kila usiku alituwashia taa ya chemni akatusomea mjumbe mmoja. Tatizo lilikuwa tarehe 31, kwa kuwa saa tatu usiku ilitupasa tuondoke kwenda kanisani kwenye mkesha, na mjumbe wa sita hakukubali kuharakishwa. Hivyo tuliingia kanisani kila mwaka bila kusikia hukumu ya Karama. Tuliijua, bila shaka, kwani tulikuwa tumeisikia mwaka uliotangulia, lakini nakumbuka dada yangu mdogo akisali kwa sauti, mbele ya waumini, kwamba Mungu amsaidie Karama. Hukumu tuliisomewa Januari 1 baada ya pilau. Kitabu ninacho, na kurasa za mwisho zina alama za vidole vya mafuta.

Msomaji wa Langoni

Niseme kweli, nyumbani kwetu hakukusomwa chochote. Siku ya mwaka tulikwenda baharini alfajiri tukaoga, tukarudi tukala. Babu alisimulia kwamba enzi zake ng'ombe alizungushwa mji mzima huku wasomaji wakifuata nyuma, kisha akachinjwa. Masheikh wengi hawalipendi jambo hilo, nami siingii katika mjadala huo. Nimependa habari ya mahamri.

Mpwa wa Pate, sasa Malindi

Ami yangu alikuwa na desturi inayokinzana na zenu zote. Yeye alisoma usiku wa mwisho wa mfungo tatu, kabla ya mwezi kuandama, na alisoma Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir. Kwa wale ambao hawajaufikia utungo huo: mshairi anauhutubia moyo wake na kuuonyesha majumba ya mji wa kale wa Pate yalivyokuwa na yalivyobaki, taa zilizowaka na giza lililofuata, vidaka vilivyojaa vyombo vya kaure ambamo sasa ndege wamelaza makinda yao.

Sisi tuliusikiliza tukiwa Pate kwenyewe. Ami hakuhitaji kutueleza neno lolote, kwani ukitoka nje ya mlango hatua chache unalikuta gofu, na katika gofu kuna vidaka, na katika vidaka, wallahi, kuna ndege. Mimi na binamu yangu tulikwenda asubuhi yake na ngazi ya mikoko kuhakikisha. Tulikuta mayai mawili na kigae kimoja cha buluu.

Maoni yangu ni kwamba utungo ule si wa kufungulia mwaka hata kidogo, bali ni wa kuufungia, na ami aliijua saa yake. Ukiusoma asubuhi ya mfungo nne utamharibia mtu halua yake.

Bi Mkubwa wa Shela

Mwanangu wa Mkomani, nimekusoma mara mbili. Hapa kwangu anaishi shangazi yangu, ambaye macho yamemwacha lakini utendi haujamwacha. Alifundishwa na mama yake, naye hakuupata katika chapa. Nilimsomea maneno yako jana baada ya alasiri, akacheka sana kwenye habari ya kukohoa, kisha nikamwomba anitajie beti za mwisho ili nikuandikie hapa.

Alikataa. Si kwa ubaya. Alijaribu, akafumba macho, akasema hazitoki. Asema beti za mwisho huja zikivutwa na zilizotangulia, na yeye hawezi kuingilia katikati, sawa na mtu asiyeweza kushuka ngazi kwa kuanzia kidato cha chini. Akianza mwanzo, zitafika zenyewe.

Mwanzilishi, Mkomani, Lamu

Bi Mkubwa, Mwenyezi Mungu akuweke. Nitavuka kuja Shela siku yoyote atakayopendelea. Nije na daftari au nije na simu ya kurekodi?

Bi Mkubwa wa Shela

Asema njoo mwezi mosi mfungo nne baada ya isha. Daftari sawa, na simu pia iweke mbele yake, lakini usimkatize kumwuliza neno, kwani ukimkatiza ataanza upya. Mahamri yatakuwapo. Nawa kwanza.