Vibao vya kuchonga kwa kijitabu cha nakala 300: mti gani, na gharama ikoje?

Wino_Tabora: Wakuu, habari za humu. Nina mashine ya zamani ya herufi za risasi, nataka kuchapa hadithi za Kinyamwezi: kurasa 24 za A5, picha 12, nakala 300. Picha nichonge kwenye mninga, au nitafute fundi wa kuchora kwenye shaba?

Seremala_Ujiji: Mninga waachie wa milango, mkuu. Vitundu vyake vikubwa, penye weusi patatoka madoa meupe. Tafuta mpera au mchungwa uliokauka sawasawa. Ubao mbichi unapinda ukishachongwa, na ukipinda haugusi karatasi katikati. Piga randa mpaka kimo kilingane na herufi zako. Zipime kwanza, za kiwango cha Uingereza zina milimita 23.3. Kibao kikipungua kidogo, bandika karatasi chini yake. Kikizidi, kinatoboa karatasi na herufi za jirani zinafifia. Kila mstari uache na mteremko pande zote mbili, chini uwe mpana. Patasi ikiingia chini ya mstari, utavunjika mashineni. Na usisahau kuchora kinyume.

Mpigachapa: Shaba achana nayo. Wino wake unakaa ndani ya mifereji, unahitaji mashine nyingine ya roli, kwa hiyo ukurasa wenye picha unapita mara mbili. Kibao cha mti kinafungwa fremu moja na herufi: pigo moja, maandishi na picha. Ndiyo maana Albrecht Pfister, mchapaji wa Bamberg, Ujerumani, alikitumia tangu miaka ya 1460. Karatasi iliwala wachapaji fedha nyingi, basi picha walizibana: historia ya dunia aliyoichapa Anton Koberger kule Nuremberg mwaka 1493 ina picha 1,809 kutoka vibao 645. Sura ya mji mmoja ilitumika kwa miji kadhaa! Nawe kibao cha nyumba au mbuyu kirudie bila wasiwasi.

Karatasi zako ni A4 sita za kukunja katikati kwa nakala, jumla 1,800. Weka asilimia 10 za kuharibika, nunua rimu 4. Picha zikae kurasa 2 na 23, 4 na 21, 6 na 19, 8 na 17, 10 na 15, 12 na 13. Hapo zote zinaangukia upande wa ndani, mbili mbili. Fremu 6 tu ndizo za kusumbukia kimo. Zile 6 za nje ni maandishi matupu, zinakwenda haraka.

Wino_Tabora: Shukrani sana. Ila mashine inabeba A5 tu.

Mpigachapa: Basi ni mapigo 7,200 badala ya 3,600. Kupunguza picha hakutakusaidia, punguza kurasa: kila kurasa 4 zinaokoa mapigo 1,200 na karatasi 300.